Wacheni Winga wa Uganda Akae Kwao Kwanza

Dirisha la usajili likikaribia kufunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja tu: Ingwe ilete winga. Hakuna anayeomba kipa. Hakuna anayelilia beki. Ni winga tu, na lazima atoke Uganda, kijana fulani mwenye mbio ambaye kuna mtu hapa Burumba binamu yake alimwona akicheza Tororo ama Mbale, na anaapa kwamba huyo jamaa akivuka mpaka leo, ligi ni yetu.

Mimi nasema AFC Leopards isimchukue. Angalau si sasa, na si kwa ile njia tumezoea. Najua nimeshakasirisha nusu ya wafuasi wangu kabla hata sijafika mbali, lakini someni kwanza. Matusi mtayaacha kwenye komenti kama kawaida, na nitayasoma yote juu bando nishanunua. Na nyinyi wa Gor mliojaa huko Malaba, msicheke sana, nanyi nitawafikia.

Tukumbushane kwanza tulipo. Ingwe ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya United, ikaja kuitwa AFC Leopards mwaka wa 1980. Miaka hiyo ya themanini ilikuwa balaa. Ligi ya 1980, 1981, 1982, halafu 1986, 1988 na 1989, na katikati hapo ikabeba kombe la klabu za CECAFA mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mzee wangu akianza hizo stori za redio iliyowekwa dirishani na boma zima limenyamaza kusikiliza mechi, huwa simkatizi, hata kama nimezisikia mara mia. Halafu 1998 Ingwe ikachukua ligi, na hiyo ndiyo ya mwisho mpaka leo. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nimezaliwa, nimesoma, nimeingia chuo, nimetoka chuo bila cheti, nimenunua kamera, nimeiuza, nimenunua nyingine, na bado sijawahi kuona Ingwe ikiwa bingwa wa ligi. Timu ilishuka hadi daraja la chini ikarudi ligi kuu 2009. Tukapata GOtv Shield 2013 na tena 2017, tukapiga isukuti mpaka asubuhi. Basi.

Kwa hivyo njaa yenu naielewa. Mtu akiwa na njaa ya karibu miaka thelathini, ukimwambia kuna kijana anayepita mabeki watatu kama anaruka mitaro ya Marachi, ataamini. Video ya sekunde arobaini inatosha. Nitawaambia siri ya hii kazi yangu: mimi naweza kumfanya mchezaji yeyote aonekane hatari kwa sekunde arobaini. Nachukua dakika tisini, natoa zile mara sita alipomwacha mtu, nafuta zile ishirini alizopoteza mpira, naweka beti nzito chini, nimemaliza. Mnamsajili winga ama mnasajili editing yangu?

Lakini tuseme ni mkali kweli. Tuseme si video. Bado kuna shida ya mpira wenyewe.

Winga ni kama wale majamaa wa kubeba mizigo pale kwa geti la mpakani. Kazi yake inaanza mzigo ukishafika. Anaweza kuwa na nguvu za tingatinga, lakini kama lori halijafika atakaa tu pale chini ya mti akichezea simu. Winga anahitaji kiungo wa kumpa mpira mapema, kabla beki hajajipanga. Anahitaji beki wa nyuma yake anayepanda kwa kasi ili adui awe na watu wawili wa kufikiria. Anahitaji straika anayejua kukaa mahali krosi inatua. Ukikosa hao watatu, winga wako atapokea mpira akiwa amegeukia goli letu, watu wawili mgongoni, atarudisha pasi nyuma, na mashabiki wataanza kupiga kelele kwamba amekula pesa za timu bure. Mechi ya tano yuko benchi. Ya kumi yuko kwa basi la Kampala.

Mnataka mfano mkubwa? Antony. Kila mtu hapa anamjua, hata mama mboga anamjua juu ya vile mlikuwa mnamtukana kibandani. Manchester United walilipa Ajax euro milioni 95 mwaka wa 2022. Akacheza mechi 96, akafunga mabao 12. Watu wakasema hajui mpira, mguu ni mmoja, anazunguka kama pia. Januari 2025 akaenda Real Betis kwa mkopo, na ghafla jamaa anafunga, anatoa pasi za mabao, timu inafika fainali ya Conference League mwezi wa tano. Miguu ni ile ile. Kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka na vile timu ilikuwa inacheza. Man U walikuwa na nyumba inavuja kila kona wakaenda kununua televisheni ya inchi 85. Na hao wana pesa za kufanya upuzi wakaamka kesho yake wako hai. Ingwe ikifanya upuzi wa aina hiyo haiamki, na tayari tulishaona.

Sasa kuna wale watakaoniambia, wewe kijana, mbona Gor ilifaulu na Waganda? Hiyo ni hoja ya maana na siwezi kuikwepa. Gor Mahia ilikaa kutoka 1995 hadi 2013 bila ligi. Miaka kumi na minane ya kuchekwa, na tuliwacheka kweli kweli. Waliporudi kileleni, mbele alikuwa Mganda, Dan Sserunkuma, ambaye 2014 alikuwa mfungaji bora wa ligi. Mwaka wa 2015 wakamleta Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda aliyechezea Rwanda, na Gor ikamaliza ligi ile bila kupoteza hata mechi moja. Kagere baadaye akaenda Simba akawa mfungaji bora wa Tanzania misimu miwili mfululizo. Kwa hivyo ndiyo, mpaka unaweza kukuletea dhahabu.

Ila angalieni vizuri. Sserunkuma hakutolewa Kampala kwa sifa za WhatsApp. Alikuwa tayari anacheza ligi yetu na Nairobi City Stars, watu wamemwona kwa macho, wiki baada ya wiki, kwenye viwanja vyetu vyenye mashimo na mbele ya mabeki wetu wanaokanyaga mpira na kifundo kwa pamoja. Kagere alikuta timu ambayo tayari ilikuwa imechukua ligi mbili mfululizo. Aliongezwa juu ya nyumba iliyoezekwa. Na kuna Mganda mwingine ambaye nyinyi hamumtaji kamwe, Godfrey Walusimbi. Beki wa kushoto. Mtu wa kupanda na kushuka mechi nzima bila kelele, mpaka 2018 Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini ikamchukua. Mawinga wa Gor walionekana wazuri miaka ile kwa sababu nyuma yao kulikuwa na mtu kama yule. Lakini nani anaweka video ya beki wa kushoto kwa status?

Hapo ndipo mimi na nyinyi tunaachana njia. Nyinyi mnaongea mpira. Mimi nataka tuongee pesa, juu mimi ni mtu wa Busia na sisi hapa tunajua kitu kimoja kuhusu vitu vinavyovuka mpaka.

Agosti 2019 SportPesa ilisitisha udhamini wake baada ya mvutano wa leseni na serikali. Gor ikaumia, Ingwe ikaumia. Wakati huo Ingwe ilikuwa na kocha kutoka Rwanda, Andre Casa Mbungo, pamoja na wachezaji wa kigeni waliokuja kwa mikataba ya wakati wa shibe. Shibe ikaisha, mikataba ikabaki. Mishahara ikachelewa, kocha akaondoka, na wachezaji wa kigeni nao wakaondoka, akiwemo beki Mnyarwanda Soter Kayumba. Hawakwenda kulia kwa redio. Walienda FIFA. Na mwaka wa 2021 FIFA ikaifungia Ingwe kusajili mchezaji yeyote mpaka madeni yalipwe. Kocha Mbelgiji Patrick Aussems ikabidi ajisaidie na vijana aliokuwa nao. Gor nao baadaye wakaonja marufuku kama hiyo kwa sababu kama hiyo hiyo, kwa hivyo wale wa Malaba mlioanza kucheka kule juu, mmefikiwa.

Hebu fikirieni hiyo hesabu. Unamsajili mgeni ili timu iwe na nguvu. Humlipi. Miaka miwili baadaye huwezi kusajili hata mwenyeji. Unaingia msimu na kikosi kile kile, majeruhi wakitokea unajaza pengo na mtoto aliyemaliza shule juzi. Yule mgeni mmoja amegeuka kufuli la mlango mzima.

Watu wengi wanadhani Uganda ni jirani kwa hivyo hili ni jambo dogo. Kweli, tangu 2014 mtu anaweza kuvuka hapa na kitambulisho chake tu. Winga anaweza kunywa chai Busia ya kule na kula mchana Busia ya huku. Mwili wake unavuka kwa dakika kumi kama foleni si mbaya. Lakini usajili wake hauvuki kwa boda. Unavuka kwa mfumo wa FIFA, na cheti cha uhamisho wa kimataifa kinachotoka shirikisho moja kwenda lingine. Siku hiyo umeingia kwenye daftari la wakubwa. Mchezaji wa kutoka Butula usipomlipa, mara nyingi atalia kwa mjomba wake, mjomba ataongea na mwenyekiti, na itaisha na nauli na ahadi. Si haki, ila ndivyo inavyokwenda. Mgeni ana njia ya kufika Zurich bila kupanda ndege.

Na hapa ndipo nashangaa watu wetu. Mtu anauza nguo pale mpakani, anajua bei ya shilingi ya Uganda asubuhi na jioni bila kuangalia simu, hawezi kukupa hata jozi moja ya soksi bila pesa mkononi. Madereva wa matrela pale Malaba wanalala kwa foleni siku kadhaa kwa sababu karatasi moja haijalipiwa. Tunajua mzigo hauvuki mpaka ulipiwe. Lakini ikija kwa mchezaji wa mpira, mtu huyo huyo anasema, mleteni tu, pesa itapatikana.

Itapatikana wapi?

Niwape kisa cha hapa kwetu, na sitaitaja timu wala aliyeisimamia. Si Ingwe, si timu ya ligi yoyote. Ni timu ya mtaa, na lilikuwa kombe la Desemba, zile za mfadhili mmoja na ng'ombe mmoja. Timu yetu ilikuwa imelegea kwenye makundi, ikavuka kwa bahati tu. Wakubwa wakakaa, wakaamua dawa ni winga. Wakavusha dogo mmoja kutoka ng'ambo, miaka kumi na tisa, mwembamba, mguu wa kushoto wa kuogopesha. Wakamwahidi elfu ishirini za Kenya hadi fainali, na viatu. Ukizigeuza ziwe shilingi za kule hizo ni zaidi ya nusu milioni. Kijana aliacha kibarua chake cha kushusha magunia ya mahindi kwa wiki tatu, juu hesabu yake ilimwambia anafaidika.

Alicheza. Robo fainali alifunga, nusu fainali alitoa krosi ya bao, fainali alifunga moja akasababisha penalti. Video yangu ya lile bao la fainali ndiyo iliyotazamwa zaidi kwenye ukurasa wangu mwaka ule. Ng'ombe akachinjwa, picha zikapigwa, mfadhili akaongea kwa dakika arobaini kuhusu vijana na talanta. Dogo akapewa nyama ya kubeba na mia tano ya boda. Viatu alivyochezea vilikuwa vya kuazima na vilirudishwa jioni ile ile. Akiuliza, anaambiwa wiki ijayo. Alivuka kuja kuuliza mara nne, mimi nikijua. Mara ya nne aliambiwa na mtu mzima, mbele yangu, kwamba ashukuru alipewa nafasi ya kuonekana.

Kuonekana! Kibarua chake kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Kwao yeye ndiye mkubwa na mama yake ni wa kuuza dagaa. Aliniomba nimtumie ile video asaidiwe kutafuta timu kwao. Nilimtumia siku hiyo hiyo. Sijui vile alieleza nyumbani hizo wiki tatu.

Timu yetu? Mwaka uliofuata haikupita makundi. Hakukuwa na kiungo, hakukuwa na beki, na hakuna kijana yeyote wa ng'ambo aliyekubali kuja, kwa sababu ng'ambo pia wana WhatsApp.

Nimewaeleza hilo kwa sababu nikisikia "Ingwe ilete winga" sioni mchezaji wa video, naona yule dogo akisimama pale kwa geti la duka akiuliza pesa yake kwa Kiswahili cha adabu, akisema samahani kwanza. Klabu kubwa ni ile hadithi ile ile ikiongezewa sifuri. Mkataba wa ukurasa tatu badala ya neno la mdomo. Nyumba ya kupanga Nairobi ambayo mwenye nyumba anagonga. Na tofauti kwamba safari hii kuna FIFA, na mtakaoumia mwishoni ni nyinyi mashabiki.

Kuna hoja moja iliyobaki na ndiyo inayonisumbua zaidi, juu ina ukweli. Kuna jamaa yangu anafanya biashara ya simu pale stendi, yeye husema hivi: mpira ni shoo. Bila mchezaji wa kuinua watu vitini, watu hawaji uwanjani. Wasipokuja hakuna pesa ya mlangoni, na bila hiyo huwezi kulipa hata hao vijana unaowapigia debe. Kwa hivyo winga anajilipa mwenyewe. Mnunue, uwanja ujae, mlipe.

Naelewa. Nimeona Bukhungu ikijaa pale Kakamega, nimeona Mashemeji derby kwa skrini na watu wamening'inia madirishani. Shabiki wa magharibi akipewa sababu ya kwenda, anaenda, hata kama ni kupanda matatu saa kumi usiku. Lakini mpango huo unategemea uwanja ujae kila wikendi kuanzia siku ya kwanza, na mnajua vile ratiba yetu huwa. Mechi inahamishwa Alhamisi. Uwanja unafungwa kwa ukarabati. Mechi inachezwa saa tisa mchana siku ya kazi, mbali, bila matangazo. Mshahara wa winga haujui hayo. Unaiva kila mwisho wa mwezi kama kodi ya nyumba. Ukipanga kumlipa mtu kwa pesa ya mlangoni, umemfanya yeye ndiye abebe hatari ya biashara yako, na hakukubali hivyo alipokuwa anasaini.

Tena yule winga mkali kweli kweli wa Uganda haji kwetu. Tuongee ukweli. Allan Okello alipong'aa na KCCA, Januari 2020 alienda Paradou ya Algeria. Joseph Ochaya alifika TP Mazembe. Straika Steven Mukwala alienda Ghana, akatoka huko akaenda Simba. Dar es Salaam imekuwa na klabu zenye pesa ambazo zikipiga simu Kampala, ya Nairobi inalia tu bila kupokewa. Anayebaki kwa bei yetu ni yule wa daraja la tatu, ambaye hana tofauti kubwa na kijana wa Amagoro au Adungosi, ila tu huyu wa kwetu hatujamwekea beti nzito chini ya video.

Na hao wapo, wasee. Nazunguka na kamera kila wikendi, kutoka Mundika hadi Angurai, nawaona. CHAN ya 2025 mlikuwa mnasema Harambee Stars ya wachezaji wa ligi ya nyumbani itapigwa tano tano. Ikaifunga DR Congo, ikaifunga Morocco, ikaifunga Zambia, ikatolewa robo fainali kwa penalti na Madagascar. Ryan Ogam, mtoto wa ligi hii hii, alifunga yale mabao ya Morocco na Zambia, na Austria wakamchukua. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyekuwa akiniandikia "mleteni Ogam" mwaka mmoja kabla.

Mkiniuliza mimi ningefanya nini na pesa ya winga, jibu langu ni la kuchosha. Kwanza kila mtu anayedai, mgeni ama mwenyeji, alipwe, na klabu iandike kwa ukurasa wake kwamba imelipa, tuione. Wanachama tunachangishwa, tuonyeshwe. Pili, zikibaki, na lazima tuvuke mpaka, basi tuvushe beki wa kushoto. Mshahara wake mara nyingi ni mdogo kuliko wa winga, hana wakala wa kupiga kelele, na atawafanya hao vijana wa pembeni tulio nao waonekane watu wapya. Mkataba uwe wa msimu mmoja, na mishahara ya miezi yake iwe imewekwa kando kabla hajapanda basi. Kando kweli, kwenye akaunti, si kwa mdomo wa mtu. Klabu ikishindwa kuweka hiyo pesa kando, hilo ni jibu tayari, isajili vijana wa hapa kwa mishahara inayoweza kutoka tarehe iliyoandikwa.

Najua hakuna mtu atapiga isukuti kwa ajili ya akaunti ya benki. Hata mimi posti ya namna hii haitanipa watazamaji kama bao la yule dogo. Lakini mliniuliza, kila dirisha mnaniuliza, na mimi ni mmoja wa wachache hapa Busia ambao wamekuwa wakikaa pembeni ya uwanja mpaka watu wote wameenda nyumbani na taa zimezimwa, wakati ule wachezaji huwa wanauliza pesa zao.

Sasa leteni majina ya mabeki wa kushoto. Wa huku ama wa ng'ambo, mwenye video na asiye nayo. Jumamosi niko Malaba na kamera, mkiniambia uwanja gani nitakuja kumwangalia mwenyewe, dakika zote tisini.